Kifaru cha Owino

Suna, Jumanne 1 Februari 1994

Nimekata minyororo ya baiskeli tangu alfajiri. Mingine imeliwa na kutu, haifai. Ile mizuri nimeiloweka mafuta ya taa katika karai la Akinyi. Mke wangu atalitafuta.

Mwili wa kifaru cha vita umesimama. Mabati ya paa kwa nje, mbao za masanduku ya chai kwa ndani. Urefu ni wa kitanda, upana unapita mlangoni kwa shida. Nilipima mlango kabla sijakata bati la kwanza. Sebuleni hakuna tena mahali pa kuweka kiti.

Sipendi vifaru. Krismasi tulikuwa nyumbani Rangwe. Mama alimwuliza kaka yangu Owino, mbele ya wazee, atajenga lini. Owino amestaafu jeshini, alikokuwa dereva wa kifaru, anapanga chumba Homa Bay, hana hata kibanda katika boma la marehemu Baba. Mimi ndiye ninayemfuata, na mdogo hamtangulii mkubwa kujenga. Nikimpita, hiyo ni chira, laana ya kuvunja mila, na kila mtoto atakayekohoa katika ukoo itasemwa nimemletea mimi. Kwa hiyo nina mvi, nina watoto wakubwa, na ninaishi katika nyumba ya kupanga.

Owino alijibu huku anatafuna. "Mtu wa kifaru halali kwa nyumba ya udongo. Nileteeni kifaru yangu hapa kwa boma, niikague. Ikiwa sawa, nitajenga."

Watu walicheka. Baba mdogo Odero hakucheka. Alisema, "Tumesikia."

Mimi pia nilisikia. Kazi yangu ya gazeti ni kuwashika watu kwa maneno yao. Nimewashika madiwani na machifu. Sasa namshika ndugu yangu.

Homa Bay, Jumapili 13 Februari

Nimempelekea Owino michoro. Analinda ghala la samaki na chumba chake kiko nyuma ya ghala hilo. Kitanda kimetandikwa kijeshi. Viatu vinang'aa.

Nilichonacho ni picha moja tu, ile iliyo ukutani kwa Mama. Owino amevaa magwanda, mkono juu ya chuma, kifaru nyuma yake. Kiwiliwili chake kinaficha nusu ya magurudumu. Nikamwuliza ni mangapi.

"Matano kila upande." Hakusita.

Dereva anakaa wapi? Kushoto. Nimeandika.

Alishangaa kwamba nimeanza kweli. Hakufurahi. Alisema, "Jagazeti, wewe hujui utani." Nilimwambia utani ulisemwa mbele ya mashahidi.

Nyuma ya pazia kulikuwa na harufu ya samaki aliyeungwa kwa nyanya na kiungo nisichokijua. Nikauliza anayepika ni nani. "Jirani. Kuna mama mmoja hapa anapika kama anatafuta bwana." Halafu akatoka kwenda kutununulia chapati kibandani. Tulizila zikiwa baridi.

Suna, Alhamisi 3 Machi

Magurudumu: vifuniko vya makopo ya mafuta ya kupikia, viwili viwili vimelehemiwa pamoja. Mtutu: bomba la maji. Ribiti: vichwa vya misumari, kila kimoja na tone lake la risasi ya kulehemu. Nimeunguza kidole gumba.

Akinyi amepata karai lake. Linanuka. Alisimama nalo mlangoni.

"Wanaume wengine wanajenga nyumba. Wangu anajenga vita."

Nikamwambia anajua sababu.

"Najua sababu. Mimi nikifa kesho, utanizika wapi? Kwa landilodi?"

Nimepiga msasa mpaka giza likaingia.

Suna, Jumamosi 19 Machi

Owino amekuja kukagua. Alizunguka kifaru mikono nyuma, kama afisa.

"Hii si kifaru, omera. Hii ni mkokoteni umevaa kofia."

Magurudumu ni sita, anasema sasa. Dereva anakaa katikati. Nilimwonyesha nilichoandika Februari. Akasema sikusikia vizuri. Mimi. Nimefanya kazi hii tangu siku za taipureta ya kukodi na sijawahi kuambiwa sikusikia vizuri.

Alikula kwetu. Alionja mchuzi wa Akinyi, akafumba macho kidogo, akaomba ndimu. Akinyi alikasirika. Ndimu ikaletwa, akaikamulia bakulini, na mchuzi ukawa bora zaidi. Hakuna aliyelisema.

Akinyi alipotoka kumsindikiza nilivunja safu ya kwanza ya magurudumu. Kwa nyundo. Haikuwa lazima kutumia nyundo.

Suna, Jumatano 6 Aprili

Mvua kila alasiri. Nimefunga magurudumu sita na kumhamishia dereva katikati.

Leo Owino ametuma ujumbe kwa mdomo wa kondakta. Eti mfuniko wa juu wa kifaru unafungukia upande wa pili. Kondakta alinieleza huku anacheka, na kituo kizima kikasikia.

Nimeacha kuendesha baiskeli tangu niote kitambi, lakini najua breki iko wapi. Mtu aliyeendesha kitu kwa miaka hasahau alipokaa. Ama ndugu yangu anavuta muda, ama hajui. Nikiwa kazini, chanzo kikijipinga mara mbili ninatafuta cha pili.

Osiri, Ijumaa 22 Aprili

Nilikuja kwa sababu ya ugomvi wa wachimba dhahabu kuhusu mpaka wa shimo. Ugomvi mdogo, aya nne. Nimepata kingine.

Mlinzi wa shimo anaitwa Marwa, mwanajeshi mstaafu. Alikuwa dereva wa kifaru. Nilimwuliza kambi gani. Kambi ya Owino, miaka ya Owino. Nikauliza kwa sauti ya kawaida kama anamkumbuka.

Uso mzima ulifunguka. "Owino! Owino wa sufuria!"

Nikanyamaza. Ukinyamaza, watu huendelea.

"Huyo ndiye alitulisha, bwana habari. Mvua inanyesha, kuni mbichi, kambi nzima ina njaa, na chakula ilitoka saa ile ile. Maharagwe yake, hata leo nayaota."

Na kifaru?

"Kifaru gani? Yeye alikuwa anatuletea chai. Siku moja aliomba tumpige picha akisimama hapo. Tukampiga. Mtu mzuri sana. Msalimie."

Nikamwomba anichoree kile kifaru kwenye tope, kwa kijiti. Magurudumu matano. Dereva kushoto. Mara ya kwanza Owino alijibu sawa. Alikuwa akikiona kila siku alipopeleka chai. Mara ya pili alinidanganya makusudi ili nisimalize.

Nimesoma habari ya ugomvi kwa simu kutoka posta ya Migori. Mhariri alisema sauti yangu imekauka.

Suna, Jumamosi 23 Aprili

Naelewa. Kwetu mwanamume aliye na mama au mke hasimami jikoni. Tulikuwa na mzee mmoja aliyewahi kupikia wamisionari. Alizeeka, akafa, na mpaka leo wajukuu zake wanaitwa watoto wa jatedo, watoto wa mpishi. Owino aliondoka Rangwe kwa vigelegele, kijana anayekwenda kushika bunduki. Jeshini walimpa mwiko. Akatuma picha. Kijiji kikamwita Jakifaru. Arudi vipi akae pale siku zote, aulizwe kila jioni kuhusu vita?

Naelewa, lakini simwonei huruma. Nimeitafuta huruma, sikuipata. Kwa ajili ya picha moja, Mama amezeeka akitazama uwanja mtupu, na mimi na Akinyi hatuna pa kuzikwa.

Suna, Jumanne 3 Mei

Nimekirudisha kama alivyochora Marwa. Matano. Kushoto. Nimepaka rangi ya majani makavu na kuchafua minyororo kwa udongo wa kweli. Ni kazi nzuri. Ningesema hivyo hata kama ingekuwa ya mtu mwingine.

Halafu nimeongeza kitu. Sufuria. Nimeitengeneza kwa kifuniko cha kopo la rangi ya viatu, mkono wa waya, mfuniko wake. Nimeilehemu nyuma, karibu na bomba la moshi. Si kubwa kuliko yai. Imenitoa jasho kuliko mtutu.

Akinyi ameniuliza mbona nacheka peke yangu. Sikujua kwamba nacheka.

Rangwe, Jumamosi 14 Mei

Tulikileta kwa pikapu, kimefunikwa turubai. Njia nzima watu walikuwa wakisimama. Tulikishusha katikati ya boma, kwenye matope. Wazee wakakalia viti, Baba mdogo Odero mbele. Mama alikigusa kwa kiganja kama anavyogusa ng'ombe.

Owino alifika amevaa sweta la jeshi. Alikuwa amejiandaa. Alianzia mbele, kwa sauti ya gwaride, ili hata majirani kwenye ua wasikie.

"Huu mtutu ni mfupi. Hii taa haikuwa hapa. Na haya magurudumu, Jagazeti, nilikwambia—"

Akafika nyuma.

Alisimama. Aliinama. Aliigusa sufuria kwa ncha ya kidole, akainua mfuniko wake mdogo, akaurudisha taratibu. Watu walidhani anahesabu ribiti.

Mama akauliza, "Na hiyo sufuria ni ya nini?"

"Hata wanajeshi hula, Mama."

Aliniangalia mara moja tu. Nimeangaliwa na watu niliowapeleka jela. Haikuwa kama hii.

Halafu akawageukia wazee. "Iko sawa. Nitajenga."

Vigelegele. Odero akasema, "Tumesikia."

Nimeshinda.

Suna, Jumatatu 16 Mei

Habari ya bei ya tumbaku. Niliisoma kwa simu bila kukosea jina hata moja. Sebule ni tupu. Akinyi amerudisha viti. Nimekaa kwenye kila kimoja.

Rangwe, Jumatano 13 Julai

Nyumba ya Owino imesimama. Vyumba viwili, bati jipya, kuta zimenyooka. Ameacha kazi ya ghala na kuhamia. Kifaru kiko mlangoni pake. Kuku mmoja ametagia mahali pa dereva.

Sufuria haipo. Ameikata kwa msumeno wa chuma, akasawazisha kwa tupa, akapaka rangi. Kazi safi. Asiyejua hataona kitu. Mimi naona.

Hasemi nami. Akitaka kuniambia jambo anamwambia Mama, mimi nikiwa nimesimama hapo hapo. "Mama, mwambie aondoe kiti chake kivulini." Mama anarudia, mimi naondoa.

Mama ananinong'oneza kwamba moshi hutoka nyuma ya nyumba ya Owino saa zisizo za kawaida. Anaamini amemficha mwanamke. Anafurahi sana. Sikumwambia kitu.

Rangwe, Jumamosi 20 Agosti

Leo ilikuwa zamu yangu ya kujenga. Baba mdogo Odero aliketi mahali ambapo Baba angeketi. Desturi inataka mkubwa awepo. Owino alikuwepo. Alipokea jembe, akachimba shimo la kwanza, akampa jembe Odero, na Odero akanipa mimi.

Ndugu na majirani walikuja wengi kuliko tulivyotarajia. Wanaume kwenye nguzo na fito. Akinyi na wanawake wote walikwenda mtoni, kwa kuwa udongo ulihitaji maji mengi na mawingu yalikuwa yanakaribia. Kufikia adhuhuri kazi ilianza kulegea. Njaa. Maharagwe yalikuwa kwenye maji tangu jana, na hakuna mtu jikoni.

Nilikuwa juu ya ngazi. Nilimwona Owino akivua sweta la jeshi, akalikunja, akaliweka juu ya kifaru. Akaenda kwenye mafiga ya Mama, pale uwanjani, mbele ya kila mtu. Akapuliza moto. Akaweka sufuria kubwa ya matanga.

Kazi ilisimama. Halafu mmoja wa binamu zetu akapiga mluzi.

"Jakifaru! Umeolewa lini?"

"Leo asubuhi," Owino alisema bila kugeuka. "Lete kuni."

Wakacheka mpaka ngazi yangu ikatikisika. Na kuni zikaletwa. Alikata vitunguu bila kuvitazama. Aliwatuma wazee maji, nao wakaenda. Mama alisimama mlangoni mkono mdomoni, kisha akaenda ndani akamletea chumvi. Wanawake waliporudi na ndoo kichwani, chakula kilikuwa tayari na wajenzi wamekaa katika mistari kama kambini. Akinyi alionja kwenye kiganja. Alimpelekea ndimu.

Kile nilichokificha nyuma ya kifaru kama kisu, alikitoa mwenyewe mchana kweupe, na hakikumkata.

Alipakua mwenyewe. Wazee, wajenzi, wanawake, majirani ambao hawakufanya kazi yoyote. Mimi alinipakulia wa mwisho. Hakuniangalia.

Marwa hakutia chumvi katika maelezo yake kuhusu maharagwe. Salamu zake ninazo tangu Aprili. Sikuzitoa.

Nilimaliza. Nikamnyooshea sahani. Akaniongezea.