Shosho, Mwizi Ndiye Aliyekusalimia

Shosho, nyanya yangu,

Simu yako ningali nayo. Mama alitaka kuitoa laini, nikamwomba aiache kidogo, basi iko kwenye kabati la vikombe, imezimwa. Kila nikichukua kikombe naiona. Sihisi kitu. Mwalimu wa darasa letu huniuliza kama niko sawa, nami hujibu ndiyo, kwa sababu sina jibu lingine. Watu wanasema nitalia baadaye. Nasubiri.

Nakuandikia kwa sababu ya mzee wako, Guka, na jicho lake.

Lakini nikukumbushe kwanza asubuhi zetu hapa Noonkopir, mimi nimevaa sare, nangoja maziwa ya chai. Mama Nasieku, aliyetuuzia maziwa, alifika na mtungi wake, na hakuna aliyeugusa kabla ya salamu kuisha. "Supa!" ulimsalimu kwa Kimaa, lugha yake ya Kimaasai, ukiwa bado jikoni. "Ipa!" naye alijibu. Halafu ng'ombe, halafu watoto, halafu kama mvua imefika kwao. Nikaona nachelewa.

"Shosho, ni maziwa tu!"

"Na utakunywaje maziwa ya mtu ambaye hamjasalimiana?"

Ndiyo maana simu ilikushinda. Hospitali ilipoanza kupanga kliniki kwa simu, tuliketi kwenye benchi la nje nikusaidie kujiandikisha. Ukurasa ukafunguka: weka nambari ya kitambulisho. Ukaigeuza simu, ukaitazama mgongoni.

"Huyu ni nani?"

"Ni serikali, Shosho."

"Na haiwezi kusema habari ya asubuhi? Inaanza tu, leta kitambulisho, kama askari?"

Tulicheka mpaka ukurasa ukajifunga. Tulipoanza upya, uliamua kuisalimu wewe. "Haya, hujambo, serikali?" Ukangoja ijibu. Ukurasa ukajifunga tena. Siku hiyo tulimaliza jua likiwa limefika kwenye benchi, na ulikubali kwa sababu nilikuwa kando yako.

Halafu mtu mmoja alikupigia nikiwa shuleni. Jioni ulinisimulia kwa furaha. Alikusalimu kwa Kikuyu, akauliza magoti yako, akauliza wajukuu, akakuombea. Alisema anatoka ofisi ya serikali na anataka kuona kama umeandikishwa vizuri. Ukampa nambari ya kitambulisho. Ukampa na nambari ya siri ya pesa za simu. Nilipoichukua simu, akiba yako ya kuuza kuku ilikuwa imeenda yote.

Hukulia. Ulisema tu, "Na alikuwa na adabu." Kisha ukazima simu, ukaiweka nyuma ya vikombe.

Ujumbe wa siku yako ya kliniki ulitumwa kwa simu hiyo iliyozimwa. Tuliuona baada ya mazishi, Mama alipoiwasha kutafuta picha zako. Daktari alimwambia Mama kwamba pengine hata ungeenda, mambo yangekuwa yale yale. Pengine. Nimelirudia neno hilo mara nyingi na bado halinifanyi chochote.

Sasa Guka. Unajua jicho la kushoto liliharibika zamani. La kulia limeingia mtoto wa jicho, na hospitalini Kajiado wanaweza kulipasua, lakini nafasi huombwa kwa simu. Asipoandikishwa hapasuliwi, na asipopasuliwa atabaki gizani. Alikataa.

"Hiyo kitu ilikula shosho yako."

"Si simu, Guka. Ni mtu."

"Nitajuaje tofauti?"

Nikamwambia nataka kuwaandikia wanaotengeneza kurasa hizo, waweke salamu mwanzoni, kama ulivyotaka wewe. Akatikisa kichwa.

"Yule mwizi alisalimu vizuri kukushinda."

Ilikuwa kweli. Kisha akauliza, "Nikitaka kuigombeza, naenda wapi? Yule mwizi hatukupata pa kumgombezea. Hii ya serikali iko na mlango?"

Siku ya mapumziko ya katikati ya muhula nilimshika mkono tukaenda mjini, kwenye ofisi ya serikali wanakoandikisha watu. Mlango ulikuwa wazi, lakini aligonga kwa fimbo yake, pengine asikie kama ni wa mbao. Msichana wa mezani alisimama.

"Unaitwa nani?" Guka akamuuliza.

"Mwende."

"Wa wapi?"

"Watu wetu ni wa Machakos, lakini mimi nimezaliwa hapa tu Kitengela."

"Simu ikinidanganya nitakuja hapa kwako."

"Njoo, Guka. Hata kama siko, hii kiti haikosi mtu. Na mtu akikuuliza nambari ya siri, hata akisema ni mimi, kata simu."

"Hata kama amenisalimu?"

"Hata akikuimbia."

Guka akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu uondoke. Akaanza kutaja nambari ya kitambulisho kwa sauti kubwa, foleni nzima ikageuka, na Mwende akasema, "Pole pole, Guka, usiwatangazie watu."

Ujumbe ulikuja kwenye simu ya Guka tukiwa bado ndani. Nikamsomea: ombi limepokelewa, na siku ya kwenda Kajiado.

"Haijasema asante."

"Haijasema, Guka."

"Mwende, andika hiyo."

Mwende akaandika kweli, nilimwona. Nami nikamwomba aandike na langu: kila ukurasa useme mlango wake uko wapi, pa kwenda kulalamika. Na useme kwa sauti, kwa Kimaa pia, maana Mama Nasieku hasomi, na magoti yake hayamruhusu kufika mjini kila mara. Alisema atayapeleka mbele, kwa wakubwa wake. Mwalimu naye amekubali nibandike barua hii kwenye ubao wa shule, labda mzazi mmoja anafanya kazi huko mbele. Natumaini. Ndicho kitu pekee ninachohisi kwa sasa, na ni kidogo.

Leo asubuhi nilifungua kabati nichukue kikombe cha Guka. Nikaiambia simu yako, "Habari ya asubuhi?" Sijui kwa nini. Nikasimama nikingoja, kama ulivyongoja wewe siku ile kwenye benchi. Chai ikachemka, ikamwagika jikoni, nami bado nimesimama pale.

Lala salama, Shosho. Kajiado nitakwenda naye, na mkono wake sitauachilia.

Mjukuu wako, yule wa kuharakisha maziwa