Vidole Vitano Kwenye Boti ya Chuma

Alhamisi. Mawingu mazito juu ya ziwa tangu asubuhi, mvua haijanyesha. Nimekasirika, na sehemu kubwa ya hasira hiyo inanihusu mwenyewe.

Jana niliteremka kutoka Mbinga hadi kijiji kimoja jirani na Liuli kuandika habari ya boti. Ni boti ya chuma ya kikundi cha wakulima na wavuvi, inayobeba watu na mahindi barabara inapokatika. Mwaka jana ilipakwa rangi juu ya kutu. Rangi ikabanduka vipande vipande, chuma kikaliwa chini kwa chini, na boti ikazama ikiwa imefungwa ufukweni, na magunia yote ndani. Abiria walikuwa bado hawajapanda.

Safari hii, boti ilipoopolewa, kikundi kilimleta Mama Kapinga, fundi wa Mbinga. Alianza kwa kufuta mafuta ya samaki kwa thina na matambara, kisha akapuliza mchanga kwa kompresa hadi kutu yote ikatoka. Mchanga wa ufukweni, wa bure, aliukataa. Anasema umeviringika, unang'arisha bila kukwaruza, na rangi haipati pa kushika. Alitumia mawe yaliyosagwa, yenye ncha. Leo mchana chuma kilikuwa cha kijivu, kikavu, chenye mikwaruzo kama ulimi wa paka. Rangi ngumu, ile ya kuchanganya makopo mawili, ilipaswa kupakwa kabla unyevu wa jioni haujaingia.

Hapo ndipo tulipofika sisi, tukitoka kula.

Mwenyekiti wa kikundi alitangulia, wanakikundi nyuma yake, nami na daftari langu. Hapa kijijini boti ikipendeza watu huiwekea kiganja ubavuni, mmoja mmoja, kuitakia heri. Nami niliweka. Nilikuwa nimekula samaki, mbasa wa kukaanga, na kunawa bila sabuni.

Mama Kapinga alizima kompresa.

"Nani amewaambia mguse?"

"Fundi, hii ni mikono, si tope," alisema mwenyekiti. "Paka rangi. Mgeni rasmi anakuja kesho kuizindua."

"Mkono wako una mafuta ya mbasa, Mwenyekiti. Rangi itamshika mbasa, haitashika chuma."

Watu walicheka. Mwenyekiti hakucheka.

"Basi nitamrudisha fundi wa mwaka jana. Yule hana maneno mengi."

"Mrudishe. Muulize kwanza kama anajua kuogelea."

Kisha alichukua kikombe cha maji safi akayamwaga taratibu ubavuni. Penye chuma kisichoguswa maji yalitanda kama shuka moja. Nilipogusa mimi yalikatika, yakajikusanya matone, yakaacha alama ya kiganja na vidole vitano.

"Cha nani hiki?"

Miaka yote hii nimekuwa nikiwauliza watu wengine maswali ya namna hiyo.

"Changu, mama."

Alisema ubavu wote utapulizwa upya, siku mbili zaidi, na kwamba akilazimishwa atafunga vifaa vyake arudi Mbinga, nao wamtafute mwingine wa kuweka jina lake kwenye kazi mbovu. Mwenyekiti alifungua mdomo kumjibu. Aliyewahi ni mama mmoja ambaye magunia yake yalizama mwaka jana.

"Mgeni hapandi boti hii, Mwenyekiti. Tunapanda sisi."

Kompresa ikawashwa.

Baadaye mwenyekiti alinivuta kando. Alitaka niandike kwamba boti imekamilika. Picha ikipigwa kwa mbali, alisema, nani atajua? Nilikataa. Akasema sitaalikwa tena. Nimeshaambiwa hivyo na watu wakubwa kuliko yeye, na bado naandika.

Habari yangu itasema boti haijakamilika, kwa nini haijakamilika, na kwamba mmoja wa mikono iliyoichelewesha ni wa mwandishi. Mhariri akiikata sentensi hiyo, nitairudisha hapa, kwenye ukurasa huu ambao hauna mhariri.

Nilipoondoka ufukweni, Mama Kapinga alikuwa amechora mstari mchangani kuizunguka boti yote. Kesho mgeni rasmi atasimama nje ya mstari huo, kama mimi.