Njaa Inayokaa Kifuani

Jumatatu, 2 Juni 2025
Kilo mia moja na nne! Nesi Evelina kasema sukari imepanda, nisipopungua itanila macho na miguu. Kutoka tu kliniki, nikala maandazi manne kabla sijafika nyumbani Mkuyuni. Njaa sikuwa nayo.

Jumatano, 4 Juni
Nimemwambia Evelina ukweli wa maandazi. Hakucheka. Akasema tuanze na kichwa, chakula baadaye. Mkono ukienda kwenye sahani nisimame, nijiulize njaa iko wapi, niandike.
Leo saa nne, niko kwenye cherehani: njaa iko kifuani. Mume wangu Masele yuko njiani na lori kwenda Bukoba. Simu haipatikani.

Jumapili, 15 Juni
Nimeelewa — na naogopa. Mwaka juzi lori la Masele lilipinduka Kisesa. Siku ile nilikaa jikoni nikila kiporo cha ugali, nikila tu, mpaka wakanipigia kwamba yuko hai. Tangu hapo kichwa changu kinaamini nikila, atarudi. Ujinga! Lakini nikiacha... je, asiporudi? Sijamwambia mtu. Hata Evelina.

Jumanne, 24 Juni
Kilo mia moja na moja. Wifi yangu Suzana kauliza naumwa nini, mbona shingo imekonda, majirani wataanza kusema.
Jana simu ya Masele ilizimwa kwa saa tatu nzima. Sikula! Nilikunywa maji, nikashona kola mbili, zote zimekwenda upande. Akarudi mzima. Nikalia kwenye shati la mteja.

Jumamosi, 28 Juni
Saa tisa mchana. Masele hapatikani tangu asubuhi. Pius, dereva mwenzake, katuma ujumbe: shemeji, tumepata shida barabarani, nitapiga. Shida gani? Kwa nini asiandike Masele mwenyewe? Nampigia Pius, hapokei.
Suzana kaja na chapati, macho mekundu. Kaka yake huyo. Eti wifi, kula, upate nguvu ya kusubiri. Nimemwambia sina njaa. Kweli sina.
Nimekunywa maji. Sasa naandika.
Asubuhi sikugusa hata chai, nikajisifu. Kama ni kwa sababu hiyo — hapana. Hapana!
Simu imeita. Pius. Mkono umekwenda kwenye chapati kwanza. Simu imekatika. Mdomo umejaa, hata haloo siwezi kusema. Inaita tena —