Unirudishie Mutembeo Yangu

Mutani yangu Mwelwa,

Kukuuliza hali ninaacha. Hali yako tunaijua, tulikufunika sisi wenyewe. Miye niko muzima. Ninakuandikia juu ya kitu yangu yenye ulibeba na haukurudisha. Sasa umekufa, na mutu wa kumulalamikia sina tena.

Mutembeo yangu, Mwelwa. Mutembeo na kikohozi.

Usijifanye hauelewi. Wakati nilivuka ziwa kutoka Kilwa yetu, haiko ile ya pwani, nilifika Nchelenge na suruali mbili na kitunga moja. Samaki nilikuwa nabeba mwenyewe kutoka Puta mupaka hapa, siku tatu ya muguu, na kitunga ilikuwa inakaa ku bega ya kushoto. Miaka sita. Leo niko na batumishi bane na lori ya kukodi, lakini bega ile ingali inaogopa muzigo: inapanda juu, muguu ya kulia inachelewa, mukono inashika kiuno. Ile njo mutembeo yangu. Hakuna mutu alinipa, nilijitengenezea na mugongo yangu. Kikohozi vilevile. Nikihesabu samaki, kila kumi nakohoa mara moja, halafu naendelea. Kukohoa mara kumi ni mia. Haijanidanganya hata siku moja.

Weye haukubeba hata kitunga moja mu maisha yako.

Ulienda Lusaka kufagia nyumba ya televizyo. Ulinieleza mu barua: siku moja mutu mwenye alikuwa acheze mulinzi hakufika, bakakuvalisha kofia yake, na kisha hapo haukushika tena ufagio. Barua zako zote niko nazo, nimehesabu kila mutu mwenye ulicheza. Balinzi tisa, balevi bane, bapadri babili, kapita mumoja wa kusimamia kazi na maiti moja. Kumi na saba. Mu ile yote ulipewa jina mara mbili tu, na bibi wa kucheza naye haukupewa hata mara moja. Lakini uliandika: "Mutani, mwenye jina anasahaulika. Mulinzi, batu banamukumbuka." Huku kwetu televizyo hakuna, kwa hiyo nilikuwa nasomea batu ba soko barua zako, kifua mbele, bila kujua niko nasoma habari ya mwizi.

Alors, gari ya sinema ikafika. Bakafunga shuka nyeupe pa uwanja ya mupira, karibu na boma, Nchelenge muzima ikakaa chini. Ilikuwa filme ya kufundisha batu kuchunga mahindi, panya zisiikule. Mulinzi wa ghala akatokea. Bega ya kushoto juu. Muguu ya kulia inachelewa. Mukono ku kiuno. Akaanza kuhesabu magunia, moja, mbili, tatu, akafika kumi, akakohoa.

Halafu Mama Chola, ule mwenye kuuza vitumbua, alikuwa amekaa pembeni yangu, akapiga kelele: "Ba Kalumba, mukwai! Toka mu shuka ile, samaki yako inaoza huku!"

Basi. Batu bakacheka mupaka mwenye gari akasimamisha mashine, alifikiri kuna nyoka. Bakamuomba arudishe kile kipande. Akarudisha mara tatu. Nilihesabu mara zote tatu: ulikuwa pa shuka muda ya kupumua mara kumi na nane. Kumi na nane tu, na miaka yangu sita ikaishia ndani.

Kesho yake soko yote ilikuwa inakohoa. Nikifika saba, mutu anakohoa nyuma yangu. Nikifika ine, mwengine. Hesabu inavunjika, naanza tena. Siku ile nilipakia samaki mia mbili, na kule yenye ilienda bakafungua bakakuta mia mbili na kumi na moja. Miye! Mununuzi akaniletea salamu, akasema kumbe Kalumba iko na roho muzuri. Aibu ile sijaisahau.

Ulipokuja likizo nilikungojea pa kituo ya basi. Haujashusha muguu ya pili, nikasema: "Mwelwa, unirudishie mutembeo yangu." Ukacheka. Ukasema mbele ya basi nzima: "Weye mutu wa ukoo ya samaki, miye wa ukoo ya mamba. Tangu lini mamba anaomba samaki ruhusa ya kumukula?" Bakakupigia makofi. Na miye sikuweza kukasirika, sababu kati ya batani kukasirika ni mwiko. Utani yenye bankambo, bazee betu ba zamani, balituachia bure, weye uliigeuza kazi ya mushahara.

Lakini uliniahidi. Ulinivuta pembeni, ukasema: "Ngoja nimalize filme moja ya bazungu, kubwa, humo niko na maneno ya dakika ine. Kisha nitatafuta mutembeo ya mutu mwengine. Yako nitakuletea mwenyewe."

Ukaja kweli, na kifua yenye ugonjwa. Ulikuwa umelala ku mukeka mu nyumba ya mama yako, mwembamba sawa kasia. Nilikuja na maneno yangu yote tayari. Ukaniangalia, ukasema: "Mutani, kohoa kidogo, nisikie kama ingali sawa." Nikakohoa. Ukasema: "Yangu ilikuwa muzuri zaidi."

Ni maneno yako ya mwisho kwangu. Nimeyageuza pande zote. Samahani hakuna ndani.

Bon. Nikueleze mazishi, sababu ulikuwa mu sanduku na haukuona.

Unajua desturi yetu. Mutu wa mamba akikufa, sisi ba samaki njo tunapaswa kumuigiza mbele ya sanduku: kutembea sawa yeye, kusema sawa yeye, kumutukana kidogo, mupaka kilio na kicheko zichanganyike. Bila ile, kaburi haifungwi. Na mutani yako mukubwa ni miye. Mama yako alikuwa amekaa chini, siku ya tatu hakula, hakulia. Batu bote bakaniangalia.

Nilikuwa nimejitayarisha. Nilisema mu roho: leo njo leo, na miye nitaiba yake. Nikavaa koti yako, nikasimama katikati, na... Mwelwa, sikujua niibe nini. Mutembeo yako ilikuwa gani? Nilirudi mu mawazo mupaka Kilwa, ku shule ya misheni kwenye tulisoma pamoja. Kule ulikuwa unatembea sawa padri. Halafu sawa mupishi ya padri. Halafu sawa shangazi yangu mwenye kibiongo. Miaka makumi tatu na moja tulijuana, na sijakuona hata siku moja ukitembea sawa weye. Nilisimama pale sawa nguzo, jasho inaniingia mu macho. Mama Chola akaninong'oneza: "Anza basi, Ba Kalumba, jua inatuunguza."

Nikashindwa. Nikakohoa kwa haya, nikageuka nirudi kukaa.

Hatua ya tatu, kelele ikapasuka. "Mwelwa! Njo yeye! Muangalie ile bega!" Batu bakashikana kwa kucheka. Na mama yako, Mwelwa. Mama yako akashika kichwa, akacheka, akalia, yote pamoja, kilio ya siku tatu ikatoka mara moja. Akasema: "Mwanangu. Tembea tena."

Nikatembea. Nilizunguka sanduku yako mara kumi na moja, na miguu yangu mwenyewe, na kikohozi yangu mwenyewe, na batu banashangaa vile ninajua kuiga. Kisha muzee mumoja wa Mofwe akanishika mukono, akaniambia kwa huruma: "Umejaribu, mutoto yangu. Lakini marehemu alikuwa anaitembea vizuri zaidi."

Kidogo tu nifungue sanduku nikupige.

Sasa usikie yenye imebadilika. Mu soko habakohoi tena nyuma yangu. Nikifika kumi, nikikohoa, batu banainamisha kichwa, na Mama Chola anafanya alama ya musalaba na mukono yenye mafuta. Hesabu yangu imerudi safi. Lakini kuhesabu samaki mia sasa ni sawa kusoma misa kumi.

Na mama yako alinituma neno: nipite mbele ya mulango yake kila asubuhi. Kutoka pa mitumbwi mupaka soko, njia ile inaongeza hatua mia mbili na kumi na mbili. Nimehesabu, ni hasara tupu. Ninapita. Yeye anakaa pa mulango anabangua karanga, ananiangalia, na ananisahihisha. Miye! Juzi alisema: "Bega iko juu sana. Mwanangu alikuwa anaishusha kidogo." Nikaishusha. Jana akasema muguu inaharakisha. Nikaichelewesha.

Leo asubuhi hakunisahihisha. Aliacha karanga, akanifuata na macho mupaka nikafika kona. Halafu nikamusikia nyuma yangu, pole pole, sawa mutu anasema peke yake: "Eh. Njo vile."

Basi, kaa nayo, Mwelwa. Sikudai tena. Mutembeo ni yako, miye ninaazima, na nitaiazima kila asubuhi, mvua ao jua, siku zote zenye yeye atakaa pale pa mulango. Siku hatakaa tena, nitakuja kwako mwenyewe, tuongee ile mambo ya kikohozi.

Lala, mutani. Nimefika kumi. Nimekohoa mara moja, ya kwako, na ninaendelea.

Ule mwenye uliibia,
Kalumba