Mama, Ile Video Sifuti

Mama,

Salaam aleikum huko uliko. Najua hukupenda barua. Ulikuwa ukisema mwenye neno aje aseme usoni. Mimi neno ninalo na uso wako sina, kwa hivyo utanivumilia.

Kaka Guyo ameniambia mara tatu nifute ile video ya Idd. Unaikumbuka. Umekaa kwenye mkeka nje ya jiko, umejifunga ule mtandio wa kijani, nami nakurekodi kwa simu ukitumia dawa ya kifua kwa sababu ulikuwa unajivunia kwamba umeizoea. Unatikisa inhela, kile kichupa cha dawa, unafungua mdomo, unabonyeza, halafu unafunga midomo mpaka mashavu yanavimba. Sauti yangu inasikika ikihesabu mpaka kumi. Kisha unaachia, kamvuke keupe kanatoka, na unacheka mpaka kikohozi kinakushika.

Guyo anasema, "Mama amezikwa, mwache apumzike. Sura ya maiti haichezewi kwa simu." Amekasirika kweli. Mimi pia nimekasirika, na sifuti.

Sikiliza kwanza. Baada ya arobaini nilipeleka kituo cha afya zile inhela mbili ulizoacha bila kufungua. Nesi, yule mrefu uliyemkaripia kwa kukuita nyanya, akaniuliza ulikuwa unazitumiaje. Nikamwonyesha video, tena kwa majivuno. Akaitazama mara mbili. Halafu akasema polepole, "Hakuvuta. Dawa ilibaki mdomoni."

Mama, tulikuwa tunafukiza kibuyu. Maisha yako yote umeingiza kijiti chenye moto kwenye kibuyu cha maziwa, ukafunika haraka ili moshi usitoroke, ukauacha ufanye kazi yake humo ndani. Na dawa tukaifunikia vivyo hivyo. Hakuna aliyetuambia kwamba kifua lazima kivute chenyewe, kwamba unatoa pumzi kwanza, unabana midomo kwenye inhela, halafu unabonyeza huku ukivuta taratibu hadi chini. Tulipewa boksi na maneno mawili: puliza asubuhi, puliza jioni. Na mimi ndiye niliyekuambia, "Funga kabisa, Mama, isitoke." Mimi. Nikahesabu hadi kumi kama mwalimu.

Nesi hakusema ungepona. Alisema ungepata nafuu. Majirani wanasema siku yako ilikuwa imefika, na hapo sibishani, siku ni za Mungu. Lakini zile pumzi ulizozitafuta ukilala umekaa, mito mitatu mgongoni, hizo nitazibishania hadi nife. Sikubali kuambiwa ninyamaze.

Nesi aliniwekea programu kwenye simu. Unaiweka karibu na uso, unavuta dawa, na simu inasikiliza pumzi yako. Ukivuta taratibu, mstari unakuwa kijani. Ukiharakisha au usipovuta, unabaki mwekundu. Inaongea Kiswahili cha redioni, kwa hivyo mimi naigeuza kwa Kiborana. Kuna mtu mmoja pale kituoni alisema akina mama wauza maziwa kama sisi hawawezi mambo ya simu. Nikamuuliza maziwa ya ngamia kutoka Biliqo huwa yanaagizwa kwa filimbi au kwa simu. Ungenipenda siku hiyo.

Halafu mama mdogo Qabale akaja kutoka Korbesa. Mdogo wako, Mama, na kifua ni kilekile. Analala amekaa. Inhela ilikuwa kwenye mfuko wake, bado ndani ya boksi, hajaigusa. "Hiyo ndio ilimaliza dada yangu," akaniambia. "Sasa unataka inimalize na mimi?" Nilimbembeleza siku mbili nikashindwa. Nilimwangalia akihesabu hatua kutoka mlangoni hadi chooni, nikaona nakuzika mara ya pili.

Siku ya tatu, baada ya chai ya alasiri, nikamwekea video. Guyo akainuka akatoka nje. Mama mdogo alilia kwanza, hata hakutazama. Kisha akasema nirudishe. Ulipofika kwenye mashavu, akanipiga kofi gotini.

"Kumbe alifunikia moshi," akasema. "Haikumuua. Haikufika."

Akanyoosha mkono nimpe inhela. Mara ya kwanza nyekundu. Ya pili nyekundu. Akasema simu yangu ina kiburi kama mimi. Tukapumzika, tukajaribu tena asubuhi, ikawa kijani, na yeye hakujua ni kijani mpaka nilipompigia makofi. Sasa ni wiki ya tatu na analalia mto mmoja. Jana ametembea hadi sokoni, amerudi akilalamika bei ya sukari, na nikaenda nyuma ya nyumba kulia kwa sababu amekohoa mara moja tu.

Vibuyu nafukizia nje siku hizi, nikiupa upepo mgongo, moshi usiniingie kifuani. Wateja hawajaona tofauti kwenye maziwa, usianze kunigombeza.

Guyo bado amenuna. Atanuna zaidi kesho, maana kesho naipeleka video kwenye banda la maziwa, kwa wenzako wote wanaokohoa wakisema ni vumbi. Sikati hata kipande. Na sauti yangu inayohesabu naiacha, wasikie nani aliyekosea. Sitaki waseme ni wewe.

Lala salama, Mama. Kusitiriwa utasitiriwa na mimi, kwa njia yangu. Nakuahidi hakuna mwanamke wa banda lile atakayefunga mdomo juu ya dawa yake nikiwa hai. Utakapofika pale unapovimbisha mashavu, nitaisimamisha video, ninyamaze nisihesabu, na banda zima litavuta pumzi.

Mwanao,
Talaso