Toleo la Majaribio na Mahindi ya Garsen

Jumatatu, 23 Novemba 1998

Kompyuta imewaka saa tatu, Dhadho alipowasha mashine yake ya kusaga. Imezimika saa nne kasoro robo. Wateja wanne tu, na bila mteja wa kusaga hatuna umeme. Nimenakili majina ishirini na mawili kwenye daftari. Mkono unauma.

Onyo lile lile limetokea tena kwenye kioo. Mfumo huu ni wa majaribio, na utakoma Jumapili, tarehe 29. Ukikoma, kompyuta haifunguki. Kawaida ilikuwa ikipiga simu Nairobi yenyewe kila wiki, inajiletea marekebisho, inajiongezea siku. Mimi kazi yangu ilikuwa kunywa chai. Sasa nguzo za simu zimelala matopeni tangu mwanzo wa mwezi. Inapiga, inalia kama mbuzi aliyefungwa, inaacha.

Kosa ni langu. Watu wa Nairobi waliotupatia kompyuta hii waliuliza nani yuko tayari kujaribu mfumo mpya kabla haujaanza kuuzwa. Nikawa wa kwanza kunyoosha mkono. Nilitaka Garsen iitangulie Mombasa japo mara moja. Kiherehere.

Jumanne, 24 Novemba

Daktari Komora, mkubwa wetu hapa zahanati, ameniuliza orodha imefika wapi. Kwa upole. Bora angenifokea.

Orodha yenyewe ni ya wagonjwa wa kifua kikuu walio kwenye kambi za ng'ombe, upande wa Minjila. Nani yuko mwezi wa ngapi wa dawa, anakunywa zipi, anapatikana kambi ipi. Mafaili ya karatasi yalikwenda na mafuriko. Jenereta yetu nayo ikanywa maji. Kadi za wagonjwa wengi zilioza mifukoni mwao. Kilichobaki kimo kwenye kompyuta. Jumatatu gari linapeleka dawa. Bila orodha tutagawa kwa kubahatisha, na dawa hizi hazibahatishwi. Mtu akikatiza, ugonjwa unarudi na safari hii hausikii dawa.

Nimehifadhi nakala kwenye disketi pia. Imekaa mezani inanitazama. Hakuna kompyuta nyingine Garsen ya kuisoma, na printa yetu ilikufa Machi.

Majina kumi na manane leo. Wateja watatu.

Jumatano, 25 Novemba

Basi la Malindi limeingia saa nane mchana na msafara wa polisi. Kondakta kaniletea bahasha kutoka Nairobi. Sidii moja, disketi moja, karatasi mbili za maelezo. Barua niliyowapelekea wiki mbili zilizopita ilifika! Nimemshika kondakta mkono mpaka kaona haya. Watu wasionijua wamekaa chini wakaniandikia hatua moja moja, kama wanavyomwandikia mama yao. Mungu awape.

Nimesoma mara tano. Weka disketi, washa, andika amri hii, bonyeza, ngoja. Ukiulizwa kama ufute yaliyomo, jibu hapana. Muda: saa mbili na nusu. Chini kabisa, kwa herufi nzito: umeme usikatike.

Nimecheka peke yangu kama mwehu.

Daktari kasema labda tuchomoe friji ya chanjo tutumie sola inayoiendesha. Nimekataa. Chanjo za watoto hazitalipia kiherehere changu.

Majina tisa tu.

Alhamisi, 26 Novemba

Siku mbaya.

Waya wetu unatoka dirishani, unavuka njia, unaingia kwa Dhadho. Injini yake ndiyo inayozungusha mawe na kutoa umeme. Lakini ni kuukuu, kile kifaa cha kuituliza kasi kilikufa zamani. Ikiwa na mahindi inakwenda vizuri. Mahindi yakiisha inapaa, na umeme unapaa nayo. Kwa hiyo nilihitaji wateja wa saa mbili na nusu mfululizo. Nilijua. Nikahesabu watu saba kwenye foleni, nikajidanganya kuwa wanatosha.

Asilimia kumi. Ishirini. Nikaanza kuimba. Ikafika arobaini na moja, nikasikia mlio umebadilika. Dhadho akapiga kelele toka kule: "Mama Buya, ng'oa! Mahindi hakuna! Ng'oa waya!" Taa ya juu ikawa nyeupe, ikapasuka. Nikang'oa.

Nilipowasha baadaye, kioo cheusi. Mstari mmoja tu: mfumo haupatikani. Ule wa zamani umekwenda, mpya haujafika. Heri ningeendelea kunakili tu kwa mkono. Daftari lina nusu ya majina.

Nimelia chooni, ili Daktari asinione.

Ijumaa, 27 Novemba

Nimemwambia Daktari. Kasema tutakwenda na nusu tuliyo nayo. Hiyo nusu nyingine sitaki kuifikiria. Naifikiria tangu asubuhi.

Dhadho kapita kabla ya kwenda msikitini, kusema pole. Anaona kosa ni la injini yake. Dizeli anayo, pipa zima. Asichonacho ni mahindi. Watu wanasaga kidogo kidogo, maana unga ukikaa unaingia wadudu na kuchacha.

Mama Jilo naye kapita. Analima ukingoni mwa mto, nyuma ya zahanati. Kaona macho yangu yamevimba, kauliza nani kafa. Nikamweleza yote. Kompyuta haijui na hataki kuijua. Kauliza jambo moja tu: "Hiyo yako yataka mahindi ya muda gani?"

Nikamwambia saa tatu bila kupumua.

"Haya," kasema, kaondoka. Hakuahidi chochote. Mimi nami sikutegemea kitu. Naandika hivi ili nikumbuke nilivyokuwa na imani ndogo.

Jumamosi, 28 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Saa mbili asubuhi foleni ilikuwa imetoka mashineni kwa Dhadho, imepita mti wa mkwaju, imekata kona. Akina mama wa mtoni na madebe yao. Nyuma yao kina mama Waorma, wale wafugaji, na mahindi ya kununua dukani, wengine bado na vibuyu vya maziwa mgongoni. Mama Jilo hajasema na hao tangu ng'ombe wao walipoingia shambani kwake. Leo alikuwa akiwapanga, huyu mbele, yule ngoja. Walikuwa wakimtii. Hakuna aliyejua kompyuta inafanya nini humo ndani. Walijua kuna majina ya wagonjwa na yanataka kutoka.

Wamesaga chakula cha mwezi mzima. Unga ule watakuwa wakiuchekecha wadudu mpaka Krismasi. Hakuna aliyelalamika, isipokuwa mama mmoja aliyesema nikimwita tena nimpikie.

Disketi. Amri. Bonyeza. Likaja lile swali la kufuta yaliyomo. Hapana. Asilimia arobaini na moja ilipita, sikuimba. Sitini. Themanini. Dhadho alikuwa mweupe kwa unga mpaka kope. Mia. Kompyuta ikajizima. Ikawaka yenyewe. Tarehe ya kukoma imesogezwa mbali. Nikafungua orodha. Yote imo. Nilipiga yowe, Daktari akaja mbio na sindano mkononi.

Hapo ndipo Dhadho akaita: debe la mwisho.

Majina arobaini na saba yalikuwa hayajaingia daftarini. Foleni imekwisha, na Garsen nzima imeshasaga, kwa hiyo kesho na keshokutwa hakuna mteja. Kompyuta nzima kabisa, na haina wa kuiwasha. Nikatoka nje kumwambia Mama Jilo asante, imetosha. Nadhani sura yangu ilisema mengine.

"Yamebaki mangapi?"

Nikamtajia. Kaenda kwake, karudi na kikapu. Mahindi meusi kwa moshi wa jikoni. Kila mtu mtoni anajua mahindi ya namna hiyo ni ya nini. Maji yakishuka ndiyo ya kupanda.

Nikasema, "Mama, hii ni mbegu."

"Naijua. Niliitundika mimi."

Akamwaga.

Sikuwa na nafasi ya kubishana. Nilikimbia ndani, nikasoma kwa sauti, Daktari akaandika. Jina, mwezi, dawa, kambi. Jina, mwezi, dawa, kambi. Mwandiko wake ni wa daktari, ilibidi nimgombeze. Tulimaliza, injini ikaanza kupaa, nikang'oa waya.

Mama Jilo hana mtu kwenye orodha ile. Nimeikagua mara mbili. Hata mmoja.

Jumapili, 29 Novemba

Kanisani sikusikia mahubiri. Mchana nimekwenda kijiji cha Hewani kwa kaka yangu kuomba mbegu. Kaanza kuuliza maswali, alipoona uso wangu kaacha, kajaza kikapu. Nimempelekea Mama Jilo. Kaipokea, kaiweka kando, kaniuliza kama nimekula. Sikuwa nimekula. Ugali ule ulikuwa na harufu ya moshi. Nimemaliza sahani mbili.

Nimekuwa nikijiona mtu wa kuisaidia Garsen.

Jumatatu, 30 Novemba

Kambini. Matope mpaka magotini, gari limesukumwa mara mbili. Daktari kakaa kwenye kigoda, mimi nimesimama na daftari, nasoma. Wanakuja mmoja mmoja, wengine wakiniamkia kwanza na kuniuliza habari za mvua, za watu, za mto, kabla ya kufungua mkono.

Ukurasa wa mwisho, ule wa mwandiko wa Daktari, nimemwita Amina, mke wa mchunga ng'ombe, mwezi wa nane wa dawa. Katoka nyuma ya zizi la ndama. Simfahamu. Kwenye nusu ile ya kwanza hakuwemo. Tungekuja na nusu, nisingemwita, naye ni mtu wa haya, asingejitokeza. Mwanzoni walimleta kwa kumbeba, Daktari anakumbuka. Leo kaja kwa miguu yake, kanyoosha kiganja. Nimemwambia hizi ndizo dawa za mwisho, zikiisha aje zahanati apimwe tu.

Kauliza, "Kweli?"

Kweli, nikamwambia. Imeandikwa.

Kameza za leo kwa maziwa, kakunja uso, zilizobaki kazifunga kwenye pindo la mtandio. Kacheka kidogo, karudi kwa ndama wake. Nimeweka alama mbele ya jina lake. Nimesoma jina linalofuata.