Henia ya Baba Mkwe

Mama Molly, mke wa mwanangu,

Huku Kericho tuko wazima. Mvua imeleta majani chai mengi, na mimi bado nawashinda vijana kuyabeba.

Hiyo ya kubeba ni uongo. Tangu nitoroke hospitali yenu huko Bomet na gauni ya wagonjwa, henia imekuwa kubwa, na sasa siwezi hata kusimama wima.

Sikukimbia kisu. Nikiwa kijana nilipasuliwa apendiksi na mzungu mmoja aliyekuwa anang'oa meno, anazalisha wanawake na kuunga mifupa, yote peke yake. Alinishona akaenda zake, hakujua hata jina langu. Siku hizi mnapasua kwa tundu dogo mkiangalia ndani ya tumbo kwa televisheni, na daktari ni mtu wa nyumba yako. Ulikuwa umefunika mdomo, lakini nilijua macho yako. Kwetu mke wa mwana haoni hata mgongo wa baba mkwe, sembuse huko chini.

Nilipoitisha daktari mwingine, nesi alisema, "Mzee, wa kupasua ni huyu tu, na watu wanamgojea foleni." Ndipo nikakutukana mbele ya wote. Hiyo inaniuma kuliko henia.

Mume wako Calvince anasema nikichelewa utumbo utaoza nife. Basi nitakuja Jumatatu, unipasue wewe. Macho yako utayahitaji kwa kazi, kwa hivyo naomba unifunike mimi uso.

Baba Calvince,
Alfayo Amolo